Ukame wa Dodoma, homa ya Dar: maswali kuhusu Afya Moja

Mimi naishi Tabata, sina hata kuku. Mbuzi wa Dodoma wananihusu nini?

Wanakuhusu kila unapoagiza mbuzi choma. Mifugo mingi inayochinjwa Dar inatoka mikoa ya bara, mingine mikavu kwelikweli. Inashushwa mnadani Pugu, inauzwa, inapelekwa machinjioni Vingunguti na kwingineko. Mnyama akisafiri na ugonjwa, ugonjwa nao umepanda lori. Afya Moja ni utaratibu wa kuwakutanisha daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtu wa mazingira kabla mambo hayajaharibika. Serikali inao, na unaratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu.

Si magonjwa huja na mvua? Ukame unaingiaje?

Unaingia kwa njia zaidi ya moja. Maji yakikauka, lambo moja linanywewa na ng'ombe, mbwa na wanyamapori, na mama naye anachota hapohapo ndoo ya nyumbani. Majani yakiisha, ng'ombe anang'wafua mpaka chini na kumeza udongo. Vimelea vya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na hata watu, vinaweza kulala kwenye udongo huo kwa miaka mingi bila kufa.

Halafu mvua inakuja, na hapa ndipo Homa ya Bonde la Ufa inaposhangaza. Virusi vyake viligunduliwa kwa kondoo karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye mabonde yanayotuamisha maji. Mayai hayo huvumilia ukame kwa miaka, mengine yakiwa tayari na virusi. Mvua kubwa ikifurika, yote yanaanguliwa kwa mkupuo. Mbu anamuuma kondoo, kondoo anatupa mimba, wana-kondoo wanakufa zizi zima. Mwaka 2007, baada ya mvua za El Niño, homa hiyo iliingia mikoa kadhaa ya Tanzania, Dodoma ikaumia kuliko yote. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini.

Kwa hiyo mfugaji wa Dodoma anayesema "mbuzi wangu wote wametupa mimba wiki hii" ametoa taarifa ya afya ya binadamu, ingawa hajataja binadamu.

Binadamu anaipataje?

Wengi huipata kwa kushika damu, viungo vya ndani au kondo la nyuma la mnyama mgonjwa. Mbu nao wanaambukiza. Wagonjwa wengi huishia na homa, kichwa na maungo kuuma, wakapona. Wachache macho huharibika, ubongo huathirika, au hutokwa damu, na hao ndio tunaowapoteza.

Nikipimwa malaria na haipo, je?

Usitoke na dawa ya malaria "kwa tahadhari". Utafiti wa hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Homa za kutoka kwa wanyama, ikiwemo ya brusela, zilikuwa nyingi kuliko watu walivyofikiri. Daktari hawezi kuotea: mwambie kama umechinja, umezalisha mnyama, umetoka kijijini kwenye mifugo au umekunywa maziwa mabichi. Binafsi naona swali la mifugo lingepaswa kuulizwa kila penye homa.

Mtindi wa mtaani?

Kama maziwa hayakuchemshwa kabla ya kugandishwa, uchachu peke yake hauaminiki kuua vijidudu vya brusela. Brusela ni homa ya kwenda na kurudi, jasho, mgongo na viungo kuuma, na dawa zake hunywewa wiki 6 au zaidi. Chemsha.

Idi ya kuchinja inakaribia, tunachinja uani. Tufanyeje?

Mchague mbuzi mchangamfu, na muulize muuzaji ametoka wapi. Mchinjaji na wachunaji wavae glavu na viatu vya kufunika. Mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kuwasha jiko. Wajawazito na watoto wakae mbali na damu na matumbo. Matumbo na damu vifukiwe, visitupwe mtaroni mbwa wakavigombania. Nyama ikiiva vizuri, virusi vya Homa ya Bonde la Ufa hufa. Hatari kubwa iko kwenye kisu na beseni, kabla ya sufuria. Ukinunua buchani, tafuta muhuri wa mkaguzi.

Na mnyama akifa mwenyewe?

Kibudu hakiliwi, wala hakichunwi. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au kwenye haja kubwa, shuku kimeta: usimpasue hata kidogo, kwa sababu ukimfungua vimelea vinasambaa kwenye udongo. Mwite bwana mifugo wa kata. Mzoga utachomwa au kufukiwa kwa kina.

Kuna chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa?

Ya watu haijaingia katika matumizi ya kawaida. Ya mifugo ipo, lakini ichomwe kabla ya mvua kubwa. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikipita mnyama hadi mnyama inaweza yenyewe kueneza virusi.