Kamera ya Yasujirō Ozu Ilitembea

Kila muhula wanafunzi wangu wa uongozaji wa filamu huniletea kazi ambayo kamera imewekwa sakafuni na kuachwa papo hapo tangu tukio linapoanza hadi linapokwisha, na nikiwauliza sababu hunijibu kwamba wanamfuata Yasujirō Ozu, mwongozaji wa filamu wa Japani, ambaye eti hakuwahi kuisogeza kamera. Dhana hii inaniudhi kuliko nyingine zote, kwa kuwa inafuta sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka 35.

Ozu aliingia katika studio ya Shochiku mwaka 1923 akiwa msaidizi wa mpigapicha, na filamu zake za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zimejaa kamera inayotembea. Katika Umarete wa mita keredo, filamu bubu ya mwaka 1932, kamera inapita kando ya madawati ya watoto darasani, kisha inapita vivyo hivyo kwenye meza za makarani, na kila karani anayefikiwa anapiga mwayo. Inampita mmoja aliyefunga kinywa, inamrudia, naye akishapiga mwayo wake ndipo inapoendelea. Kichekesho chote kimo katika mwendo huo. Hata mwaka 1951, katika Bakushu, aliipandisha kamera kwa kreni ili kuwafuata wanawake wawili kwenye kilima cha mchanga ufukweni. Ni katika filamu zake sita za rangi, kuanzia Higanbana ya mwaka 1958, ambamo kamera haisogei kabisa, na hapo alikuwa akiacha kitu alichokwisha kukimudu. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi waanze na filamu za miaka ya 1930 kabla ya kuigusa Tokyo monogatari, filamu yake maarufu ya mwaka 1953, na wakifika huko wachunguze uhariri, kwa sababu asiyejua kukata picha hataokolewa na stendi fupi ya kamera.

Wengine hudai kwamba kamera yake ilikaa kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi juu ya mkeka wa tatami. Sivyo: kwa kawaida ilikuwa chini zaidi ya hapo, na aliishusha vilevile ofisini, penye viti, na hata barabarani.

Kwamba alitengeneza huzuni za kifamilia tu, hilo linakanushwa na Ohayo ya mwaka 1959, ambamo watoto wawili wanagoma kusema ili wanunuliwe televisheni, na pia na Hijosen no onna ya mwaka 1933, inayohusu majambazi.

Inasemwa pia kwamba alichelewa kuingiza sauti kwa kuogopa teknolojia. Alichelewa kwa sababu ya ahadi: mpigapicha wake wa miaka mingi alikuwa akiunda mtambo wake mwenyewe wa kurekodi sauti, Ozu akamwahidi kwamba filamu yake ya kwanza yenye mazungumzo ingerekodiwa kwa mtambo huo, na mwaka 1936 akaitimiza kwa Hitori musuko.