Frankfurt ipi? Wittenberg ipi? Miji na ngome za Ujerumani zinazochanganywa majina

Kazi yangu ni kupanga safari za Ujerumani kwa watu wetu, vikundi vya kanisa, wanakwaya, wazazi wanaokuja kumwona mtoto chuoni, na kuna sentensi moja nimeisikia mpaka nimechoka: "hayo maneno ya nyuma hayana maana, we andika tu Frankfurt." Jamani. Hayo maneno ya nyuma, kama "am Main" au "(Oder)", ambayo ni majina ya mito, ni sehemu ya jina, ukiyakata hujataja mji bado.

Frankfurt am Main ndo ile ya mabenki na uwanja mkubwa wa ndege, iko jimbo la Hesse, magharibi. Frankfurt (Oder) iko jimbo la Brandenburg, mpakani kabisa, ukivuka daraja umeshaingia Słubice, Poland. Hata pleti za magari ziko tofauti, huku F, kule FF. Na msidhani hii ya pili ni kijiji, ilipata hadhi ya mji mwaka 1253 na ina chuo kikuu cha Viadrina chenye wanafunzi wengi kutoka nje, kwa hiyo mama akiniambia "mwanangu anasoma Frankfurt" mimi lazima niulize ipi, naye anaona namsumbua. Sikusumbui mama yangu. Ukishuka pale uwanja wa ndege ukidhani mtoto yuko karibu kumbe yuko Oder, una treni ya kama saa 4 mpaka Berlin halafu nyingine ya saa 1 hivi, na tiketi ya treni ya kasi ukinunua siku hiyo hiyo bei yake inauma.

Lakini kinachoniumiza hasa ni Wittenberg. Walutheri wetu ni wengi, KKKT peke yake ni kati ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, na kila mtu anataka kusimama kwenye mlango wa Luther, ule wa kanisa unaohusishwa na hoja zake 95, haki yake. Sasa mtu anafungua simu, anaandika jina haraka haraka, inakuja Wittenberge, anabuku hoteli, anaona bei nzuri, anafurahi. Ile "e" ya mwisho anasema ni Wajerumani tu wanavyoandika. Hapana! Wittenberge ni mji mwingine kabisa, uko Brandenburg kaskazini magharibi ya Berlin kwenye reli ya kwenda Hamburg, mji wa viwanda, Singer walikuwa na kiwanda cha cherehani pale na mnara wa saa wake bado umesimama. Mji mzuri tu, ila Luther hayupo. Wittenberg ya 1517, ya zile hoja 95, ya kanisa la kasri ambamo Luther na mwenzake Melanchthon wamezikwa, iko jimbo la Saxony-Anhalt kusini magharibi ya Berlin, na kwenye ratiba ya treni utaiona kama Lutherstadt Wittenberg. Kinachowapoteza watu ni kwamba miji yote miwili iko kando ya mto Elbe na treni za kwenda kote kuwili unazipanda Berlin Hauptbahnhof, kituo kikuu cha treni, yaani unaweza kupanda isiyo yako ukiwa na amani kabisa moyoni. Na kama hiyo haitoshi kuna Wittenburg, yenye "u", Mecklenburg huko. Kikundi cha wazee, wengine wanatembea na fimbo, wamechanga hela miaka, halafu wanalala mji usio wao kwa sababu ya herufi moja. Naumia kweli.

Ndo maana nawang'ang'ania na kitu kimoja na sitaacha: NAMBA YA POSTA. Tangu 1993 Ujerumani nzima inatumia tarakimu tano, na hiyo namba haidanganyi. Wittenberg ya Luther ni 06886, Wittenberge 19322, Wittenburg 19243. Frankfurt ya Oder 15230, ya Main katikati ya mji ni 60311. Mchungaji akinitumia mwaliko nataka namba kwanza, jina baadaye.

Ya pili ninayosikia: majina yakifanana basi ni ukoo mmoja ulijenga. Wapi! Chukua Marienburg. Kasri la Marienburg karibu na Hannover lilijengwa karne ya 19, mfalme George V wa Hannover akampa mke wake, malkia Marie. Marienburg ile kubwa ya matofali mekundu, Malbork ya Poland leo, ilijengwa na mashujaa wa msalaba wa Teutonic na jina lake ni la Bikira Maria. Halafu Würzburg kuna ngome ya Marienberg, nyingine tena. Hata kwetu, Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari, na karibu na Kassel kuna kasri la Wilhelmsthal ambalo ni la mtawala wa eneo hilo, Landgrave Wilhelm VIII, karne ya 18, mtu tofauti kabisa.

Lichtenstein nayo. Ile ngome nyembamba juu ya jabali mnayoshea picha zake iko Baden-Württemberg, si nchi ya Liechtenstein. Mkuu wa Liechtenstein anakaa Vaduz, na ukoo wake ulipata jina kutoka ngome ya Liechtenstein iliyoko Austria karibu na Vienna.

Halle ya Handel, anayeimbwa na kwaya zetu, ni Halle (Saale), ile ya mashindano ya tenisi iko Westfalen. Uwanja wa Frankfurt-Hahn hauko Frankfurt, ni kama km 120 kutoka mjini, msidanganyike na tiketi rahisi. Münster ni ya mkataba wa amani wa 1648, Munster bila nukta ni ya jumba la makumbusho la vifaru vya vita, na nukta mbili ni rahisi kuzisahau kwenye kibodi. Na mkitaka ule mji wa kuta za kale na nyumba za mbao unaowekwa kwenye kalenda, andikeni Rothenburg ob der Tauber, 91541, yote, msikate kitu, kwa sababu kuna Rothenburg nyingine mpakani na Poland, Rottenburg kwenye Neckar, na Rotenburg mbili, ya Wümme na ya Fulda.