Hamatoma ya pafu: kinundu chenye mafuta na bisi

Mtu ametoka Tukuyu kuja Mbeya mjini kupima kifua, kikohozi hakiishi. Eksirei inaonyesha duara jeupe kwenye pafu la kulia. Makohozi yamepimwa, hakuna TB. Nyumbani neno saratani limeshaanza kunong'onwa. Anapigwa CT scan, na majibu yanarudi na neno ambalo hakuna ndugu aliyewahi kulisikia: hamatoma.

Hamatoma ni uvimbe usio saratani. Jina hilo lilibuniwa na Mjerumani Eugen Albrecht mwaka 1904, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kosa. Ndani yake mna gegedu, mafuta na nyuzi za misuli, vitu ambavyo mwili unavyo siku zote, ila hapa vimerundikana bila mpangilio. Uvimbe usio saratani ni nadra mapafuni, na kati ya huo hamatoma ndiyo inayokutwa zaidi.

Eksirei ni kama kivuli cha parachichi ukutani: unaona umbo tu. CT scan ni parachichi lililokatwa, kokwa na nyama yake vyote wazi. Tena mashine hukipa kila kitu namba, kwa kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield wa Uingereza, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, mfupa hupanda mamia juu ya sifuri. Mafuta huangukia kati ya 40 na 120 chini ya sifuri.

Namba hiyo ya mafuta ndiyo inayoleta ahueni. Kinundu kidogo, ukingo wake laini, na ndani mna mafuta: hapo daktari wa mionzi huelekea moja kwa moja kwenye hamatoma, kwa kuwa saratani ya pafu kwa kawaida haina mafuta, na ukingo wake mara nyingi una miiba. Pengine huonekana pia chokaa iliyojikusanya mafundo mafundo, kama bisi za mahindi zilizofumuka. Lakini hamatoma nyingine hazina bisi wala mafuta yanayoonekana, na hizo ndizo zinazosumbua. Chokaa peke yake nayo haitoshi, maana kovu la TB nalo huweka chokaa. Karsinoidi, uvimbe mwingine adimu unaoweza kufananishwa na hamatoma, hupenda kukaa kwenye njia kubwa ya hewa na mara nyingi hung'aa sana mgonjwa akichomwa dawa ya kuonyesha mishipa. Picha isipotosha, huchukuliwa kinyama kikapimwe.

Hamatoma hukua taratibu sana, nyingi huachwa na kuangaliwa tu. Iliyoziba njia ya hewa huondolewa. Kwa hiyo ukiitwa kupewa majibu, muulize daktari kama ndani ya kinundu kuna mafuta. Na kama uliwahi kupigwa picha ya kifua miaka ya nyuma, nenda nayo, hata kama filamu imejikunja, ili alinganishe ukubwa wa wakati ule na wa leo.