Je, wajua kwa nini shingo iliyokaza hulegea ikishikwa na mikono?

Dereva wa bodaboda wa Dodoma aliyekaza shingo ana shida kubwa kuliko maumivu: hawezi kutazama nyuma kabla ya kukata kona. Wengine hukimbilia saluni, kinyozi akimaliza kunyoa ainyonge shingo ghafla mpaka ilie "ko!" Kisha watu husema pingili, yaani kimfupa cha shingo, imerudi mahali pake.

Hapana, haikuwa imehama. Ndani ya maungio mna ute wenye gesi. Maungio yakivutwa ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wa gesi hutokea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilinasa tukio hilo kwa mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili, vidole vikivutwa. Mlio si dalili ya kupona.

Shingo ina pingili 7, sawa kabisa na za twiga wetu. Mtu mzima mwenye afya hugeuza kichwa takriban digrii 80 kila upande, na karibu nusu ya mzunguko huo hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Eneo hilo likiuma, ubongo huiamuru misuli ikaze ili kulinda. Mguso wa taratibu hupeleka taarifa nyingine kwenye mishipa ya fahamu, ulinzi ule ukapungua, misuli ikaachia. Kinachobadilika zaidi ni amri, wala si mifupa.

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hana haraka. Husukuma pingili mojamoja kwa vidole gumba, kwa mdundo wa polepole. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa tiba hiyo wa Australia, aliupanga msukumo huo kwa ngazi, kuanzia ule mdogo kabisa. Mwenzake Brian Mulligan wa New Zealand alileta njia nyingine: mtaalamu anashikilia pingili huku mgonjwa mwenyewe akigeuza kichwa, na kusiwe na maumivu. Au unasukuma kichwa kidogo dhidi ya kiganja cha mtaalamu kwa sekunde chache, unaachia, halafu kichwa kinageuka zaidi ya mwanzo. Ninayoipenda ni hii, kwa sababu mgonjwa anaona mwili wake ukikubali.

Nafuu hiyo huwa ya muda mfupi. Itumie kufanya mazoezi: geuza shingo polepole kulia na kushoto, mara kadhaa kwa siku, bila kuilazimisha.

Lakini kunyongwa ghafla, kataa. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita katika matundu ya pingili hizo. Ukuta wake ukichanika, damu huweza kuganda na kuleta kiharusi. Ni nadra, ila kikitokea ni maisha ya mtu. Na shingo iliyoumia kwenye ajali, iliyokaza pamoja na homa, au inayoambatana na mikono kufa ganzi, kizunguzungu au ulimi mzito, isikandwe na yeyote: mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.