Je, wajua kwa nini karoti bila mafuta hukupa vitamini A kidogo?

Mtoto akitafuna karoti mbichi peke yake hupata maji, sukari kidogo, nyuzinyuzi na potasiamu. Ila kile ambacho karoti inasifiwa nacho, vitamini A, hupata kidogo sana. Sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia, na mara nyingine vipande vya rangi ya chungwa huonekana wazi kwenye poti.

Kwa hakika karoti haina vitamini A yenyewe. Ina betakarotini, ile rangi ya chungwa, na utumbo mdogo ndio unaoikata na kuigeuza. Gramu 100 za karoti mbichi zina takriban miligramu 8 za betakarotini. Kwa hesabu za lishe, pamoja na alfakarotini iliyomo, karotini nyingine ya jamii hiyo, hiyo ni sawa na mikrogramu 835 za vitamini A. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 kwa siku, mwanamke 700, mwanaume 900, na anayenyonyesha 1,300. Kwenye karatasi, basi, nusu karoti kubwa inamtosha mtoto.

Tumboni mambo ni mengine. Karotini imefungiwa ndani ya seli zenye kuta ngumu, na meno hayavunji nyingi. Kukwaruza, kuponda na kupika ndiko kunakozifungua. Halafu karotini haiyeyuki kwenye maji hata kidogo. Inahitaji mafuta ili ipenye ukuta wa utumbo, na si mengi: gramu 3 hadi 5 kwa mlo, yaani kijiko kimoja cha chai.

Hapa Kigoma tumebahatika, maana wekundu wa mawese nao ni karotini. Gramu 100 za mawese mekundu zina miligramu 50 hadi 70, mara kadhaa ya karoti. Ukipika karoti kwa mawese, mafuta yanabeba karotini ya karoti na kuongeza yake.

Chukua karoti 3 za wastani. Zisugue kwa maji, usizimenye nene, kwa sababu tabaka la nje lina karotini kuliko kiini. Kata duara nyembamba au kwaruza. Pasha kijiko kimoja cha chakula cha mawese kwa moto mdogo, lainisha kitunguu, tia karoti na robo kikombe cha maji, funika dakika 8 hadi 10. Inakaa vizuri kwenye maharage, au kando ya ugali wa muhogo na dagaa.

Kosa kubwa ni kuyachoma mawese mpaka yafuke moshi na kugeuka meupe. Wengi hufanya hivyo kuondoa harufu, lakini rangi ikipotea karotini imekwenda nayo, na umebaki na mafuta matupu. Kosa la pili ni kumimina ovyo: karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, na moyo hauyahitaji kwa wingi. Kijiko kinatosha.

Tabora, penye karanga kuliko michikichi, kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa kinafanya kazi hiyohiyo, kwani karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Kwa michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ujue kwamba viazi vyeupe havina karotini ya maana. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vinayo nyingi, lakini jua kali huiharibu. Vianikwe kivulini penye upepo.

Na macho? Vitamini A hutengeneza kemikali inayolifanya jicho lione kwenye giza hafifu, ndiyo maana anayeipungukiwa hujikwaa jioni. Asiyepungukiwa haongezewi kitu, na karoti haimvui mtu miwani. Uvumi kwamba karoti huwapa watu macho ya paka ulienezwa sana na Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, rubani John Cunningham akitolewa mfano, ili kuficha kwamba ndege zao zilikuwa na rada.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apelekwe kupata matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka hata kama anakula karoti. Akila karoti nyingi kila siku, viganja na nyayo vinaweza kuwa vya njano. Si hatari, hupotea ukipunguza. Ila kama weupe wa macho nao umekuwa njano, hiyo si karoti. Wahi zahanati.

Ukinunua karoti zenye majani, yakate siku hiyohiyo, kwani yananyonya maji ya mzizi na karoti inanyauka. Usizihifadhi pamoja na ndizi mbivu: gesi inayotoka kwenye ndizi huzifanya karoti ziwe chungu, na mtoto akishaonja uchungu huo hatazigusa tena.