Je, wajua kwa nini GPS kongwe ya ndege hukosea mwaka lakini haikosei njia?

Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, nilikuwa Kajjansi, kile kiwanja kidogo cha ndege kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Nilisimama chini ya bawa la Cessna iliyonizidi umri. Mwenyewe, mzee ninayemheshimu sana, alikuwa anajiandaa kwenda Kidepo, mbuga ya wanyama kaskazini mashariki kabisa mwa Uganda. Fundi wake, mtu wa Arua, akapanda akawasha GPS iliyofungwa juu ya dashibodi. Ni kikasha cha kijivu cha ukubwa wa kiganja. Skrini yake haina rangi, na maandishi ya vitufe yamefutika kwa miaka ya kubonyezwa. Kikawaza, kikawaza, halafu kikaandika: Jumanne, 25 Januari 2005.

"Mzee, hiki kimekufa," nikamwambia fundi.

"Hakijafa, mwanangu. Kimesahau mwaka tu. Soma hapo chini."

Hapo chini palikuwa na nyuzi 0 dakika 12 kaskazini, nyuzi 32 dakika 33 mashariki. Ni Kajjansi hasa. Kifaa kilichokuwa nyuma kwa karibu miaka 20 kilijua tumesimama wapi. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na jibu lake nimeliona linafaa kusomwa na yeyote anayepanda ndege ndogo, hata kama ni abiria tu.

Tuanzie juu. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa kiasi cha kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kila moja imebeba saa za atomu. Kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kuchoka: saa yangu ni hii, na mimi niko hapa. Kifaa kilicho kwenye ndege hupima ujumbe umechelewa kiasi gani. Kwa kuwa mawimbi ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ujumbe unafika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo ndipo hesabu inapohitaji umakini, kwa sababu ukikosea sekunde kwa sehemu moja ya milioni, umekosea mahali kwa mita 300. Saa iliyo ndani ya kikasha chetu ni ya bei rahisi, ya aina ya saa ya mkononi, haiwezi kuaminika kiasi hicho. Ndiyo maana zinatakiwa setilaiti nne. Tatu zingetosha kupata mahali na kimo, ya nne huirekebisha saa.

Sasa, kama saa inarekebishwa na setilaiti kila wakati, mwaka unapotea vipi?

Unapotea kwa sababu setilaiti hazihesabu miaka. Zinahesabu majuma tangu tarehe 6 Januari 1980, na ndani ya kila juma zinahesabu sekunde, 604,800, halafu zinaanza juma jipya. Waliobuni mfumo waliipa namba ya juma nafasi finyu kwenye ujumbe, kuanzia 0 hadi 1023, basi. Ni kama ile namba ya kilomita kwenye dashibodi ya taksi kuukuu, ikifika mwisho inarudi kwenye sifuri zote. Ilirudi mara ya kwanza usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, mara ya pili usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi tena usiku wa kuamkia 21 Novemba 2038. Kifaa hakina njia ya kujua namba imeshazunguka mara ngapi isipokuwa kwa kile kilichoandikwa kwenye programu yake kiwandani. Programu isiporekebishwa, siku hufika kinaporudi nyuma majuma 1024, yaani siku 7,168. Toa siku hizo kwenye 10 Septemba 2024, utafika 25 Januari 2005. Na kwa kuwa ni majuma kamili, Jumanne inabaki Jumanne. Hilo la Jumanne lilinifurahisha kuliko yote.

Hesabu ya mahali yenyewe haiulizi mwaka. Inataka sekunde za juma hili na njia ya kila setilaiti kwa sasa, na taarifa hiyo ya njia setilaiti huirudia kila sekunde 30. Inashuka mpya kutoka juu, haitegemei kumbukumbu ya kifaa. Kilichochakaa ni kumbukumbu ya kikasha. Anga haichakai.

Kuna jambo lingine linalowashangaza wengi. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia, mtu akawa anakosea hadi mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru uharibifu huo ukomeshwe. Kwa hiyo kikasha kilichotengenezwa 1996 kililala kikiwa na makosa ya mita 100, kikaamka kikiwa na makosa ya mita 10 au 20, na hakuna fundi aliyekigusa. Ni vifaa vichache duniani vilivyowahi kuwa bora zaidi kwa kukaa tu.

Fundi alinionyesha pia kwa nini kikasha kilichelewa. Ndani kuna betri ndogo inayotunza orodha ya setilaiti zote, ipi iko upande gani wa anga. Betri ikifa, kila kuwasha ni kuanza upya. Kifaa kinatafuta kwa kupapasa, na orodha nzima huchukua dakika 12 na nusu kushuka. Alifungua ukurasa wenye nguzo, tukaziangalia zikiinuka moja moja, nguzo tupu kwanza, kisha inajaa weusi setilaiti inaposhikwa. Rubani asiyejua hili hukasirika, akaruka kabla nguzo ya nne haijajaa. Mzee wetu huwasha kwanza, ndipo akague mafuta na magurudumu.

Lakini yaliyomo kwenye kumbukumbu ndiyo yanayohitaji macho. Viwanja, masafa ya redio na mipaka ya anga hubadilika, na ulimwengu wa ndege una mpango wa kutoa mabadiliko hayo kila siku 28. Kikasha cha mzee kina data ya zamani, na watengenezaji huacha kuhudumia vifaa vikongwe. Kaskazini mwa Nimule, mji wa mpakani, kinaandika Sudan, ilhali Sudan Kusini imekuwa nchi tangu Julai 2011. Ukikiuliza uwanja wa ndege wa Kabalega kule Hoima, ulioanza kujengwa 2018, hakiujui. Hayo yanaonekana kwa macho, ukayasahihisha kichwani. Masafa ya redio yaliyobadilika hayajionyeshi. Unaita mnara wa kuongozea ndege, unajibiwa na ukimya.

Vikasha vingine vilinunuliwa mitumba kutoka Marekani, ramani yake ni ya bara lile tu. Ukiruka navyo juu ya Ziwa Kyoga utaona skrini nyeupe na mshale. Na mfumo wa Marekani wa kusahihisha GPS, WAAS, ambao wauzaji huusifia sana, haufiki huku.

Halafu kuna mtego wa ramani za karatasi. Ramani za zamani za Uganda zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Kwetu tofauti ya hivyo viwili ni takriban mita 300, karibu yote kaskazini na kusini. Kwenye mipangilio ya vifaa vya zamani unaweza kuchagua kimojawapo, na aliyekuwa na kifaa kabla yako huenda alichagua bila kukuambia. Mita 300 si kitu ukitafuta mji. Ukitafuta kiwanja cha nyasi kilichokatwa porini, chenye upana wa mita 20 au 30, asubuhi yenye ukungu, ni kitu.

Na mtego ambao ni wa Uganda kweli ni ikweta. Nchi imepasuliwa na mstari huo, hivyo herufi moja ina uzito wa mkoa mzima. Mbarara iko kiasi cha dakika 36 kusini. Kwenye kikasha chenye vitufe vichache, herufi ya kwanza inayokuja mara nyingi ni ile ya kaskazini, na lazima uibadilishe kwa mkono. Ukiiacha, mshale utakupeleka kwa unyoofu kabisa hadi Kyenjojo, zaidi ya kilomita 130 kutoka unakokwenda. Miji hiyo miwili inatazamana kuvuka ikweta kama uso na kioo. Mtu wa Ulaya au Afrika Kusini hana tatizo hili, maana nchi yake yote iko upande mmoja. Sisi tunalo kila siku. Kila sehemu iliyoingizwa kwa mkono isomwe na mtu wa pili kabla injini haijawashwa. Nalisema hili kwa moyo wangu wote.

Mshale wenyewe, tena, hauna habari ya milima. Vikasha vya kizazi hicho havina ramani ya miinuko. Vikiambiwa kutoka Mbale hadi Kitale, vitachora mstari ulionyooka kupita juu ya bega la Elgon, mlima wenye mita 4,321, kana kwamba hapo ni uwanja wa mpira.

Kuhusu tarehe mbovu, niliuliza kama haiharibu saa za machweo ambazo kifaa hukokotoa, maana ndege isiyo na vyombo vya usiku lazima iwe chini kabla ya giza. Inaziharibu. Kule Ulaya kuchanganya Januari na Septemba kungekosesha kiasi cha saa mbili. Hapa ikwetani jua halibadiliki sana, tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Hata hivyo nusu saa ni nyingi, kwa kuwa giza letu halisubiri. Jua likizama, dakika 20 hivi na kweusi. Mzee hutazama saa yake ya mkononi.

Tuliruka saa tatu kasoro. Nilipewa kiti cha kulia na ramani magotini. Mzee alikuwa na mstari wa penseli kutoka Kajjansi hadi Lomej, kiwanja cha Kidepo, na kila tulipopita kitu cha kutambulika, ukingo wa Kyoga, mto, barabara ya lami, aliniuliza kwanza mimi, kisha akatazama dira, na kikasha akakitazama mwisho. Vilipokubaliana akatia alama ya penseli. Juu ya nyanda za Karamoja, ambako vilima vinafanana na vijito vimekauka, kikasha kilitusaidia kuliko macho yetu, na mzee alikiri hivyo.

Tulipotua Lomej alitoa daftari la safari. Saa ya kutua akainakili kutoka kwenye skrini, dakika kwa dakika. Tarehe akaiandika mwenyewe.