Je, wajua? Watu 22 waliishije zaidi ya miezi minne chini ya boti mbili zilizopinduliwa kule Antaktika, na hakufa hata mmoja?

Mwaka 1916 wanaume 22 waliachwa kwenye kisiwa cha mawe na barafu kinachoitwa Elephant Island, jirani na Antaktika, nyuzi 61 kusini mwa ikweta, na msimu wa baridi kali ndo kwanza unaingia. Nyumba hawana, redio hawana, mti wa kuni haupo hata mmoja kisiwa kizima, na duniani hakuna anayejua wako wapi isipokuwa wenzao sita walioondoka na boti kwenda kutafuta msaada, na hata hao sita haijulikani wamefika au wamezama. Wakasubiri toka tarehe 24 Aprili mpaka 30 Agosti. Wote 22 wakatoka hai. Mimi hii habari kila nikiisoma nabaki na swali moja tu, iliwezekanaje?

Kifupi walivyofika pale. Ulikuwa msafara wa Uingereza chini ya Ernest Shackleton uliotaka kuvuka bara la Antaktika, meli yao Endurance ilinaswa na barafu kwenye bahari ya Weddell Januari 1915, barafu ikaibana taratibu mpaka ikaivunja, Novemba mwaka huohuo ikazama. Watu 28 wakaishi juu ya barafu inayoelea mpaka Aprili 1916 ilipoanza kupasuka chini yao, ndo wakaingia kwenye boti tatu ndogo na kufika Elephant Island wakiwa hoi. Kule meli hazipiti. Shackleton akachukua watu watano na boti iliyo imara zaidi, wakaelekea kisiwa cha South Georgia, kama kilomita 1,300 za bahari iliyochafuka kuliko zote duniani. Waliobaki akawakabidhi kwa msaidizi wake, Frank Wild.

Sasa ukitaka kuelewa walivyopona, usianze na namba ya nyuzi joto. Elephant Island wala sio sehemu yenye baridi kali kuliko zote Antaktika, bahari inapunguza makali kidogo. Kinachoua pale ni upepo na kulowa. Mwili wako muda wote unapasha joto kale ka hewa kembamba kanakogusa ngozi, upepo ukipita unakapeperusha na mwili unaanza upya, tena na tena, mpaka nguvu ziishe. Na maji ndo mabaya zaidi, yanavuta joto la mwili haraka kama mara 25 kuliko hewa, kwahiyo mtu aliyelowa anaweza kufa kwenye baridi ambayo mtu mkavu anaivumilia vizuri tu. Aliyewahi kunyeshewa akipanda Kilimanjaro na nguo za pamba anajua nasema nini. Joto la mwili likitoka 37 likashuka chini ya 35 kutetemeka kunazidi, mikono inakosa nguvu, na akili nayo inaanza kupotea, mtu anafanya maamuzi ya ajabu.

Kwahiyo kazi ya kwanza ilikuwa kukimbia upepo. Mahema yao yalichanwa na dhoruba siku za mwanzo kabisa, walijaribu kuchimba pango kwenye barafu likawa linavuja maji. Wakaona bora boti mbili zilizobaki wazigeuze paa. Wakapanga kuta fupi za mawe, wakapindua boti juu yake zikiwa ubavu kwa ubavu, pembeni wakazungushia turubai la mahema, matundu wakaziba. Mtu mzima hawezi kusimama wima humo ndani. Baadhi walilala juu, kwenye zile mbao za kukalia za boti, wengine chini kwenye mawe, wamebanana mguu kichwani kwa mwenzio. Kubanana kwenyewe kulikuwa dawa, maana watu 22 kwenye kijumba kidogo vile ni majiko 22 yanayotembea.

Moto je? Hapa ndo nawavulia kofia. Waliunguza pengwini. Ngozi ya pengwini ina shahamu nyingi chini yake, ukiitupia jikoni inawaka kama mafuta ya taa, na shahamu ya sili, yule mnyama mnene wa baharini, hivyohivyo. Mwanzoni moshi uliwatesa vibaya sana, macho yanachuruzika mtu haoni, mpaka mmoja wa mainjinia alipotengeneza bomba la moshi kwa bati la ndani ya sanduku la biskuti. Taa wakatengeneza kwa makopo ya sadini, mafuta ya sili ndani, utambi ni bendeji ya hospitali. Wote wakawa weusi kwa masizi, na joto likipanda mavi ya pengwini yaliyoganda sakafuni toka enzi na enzi yanayeyuka, harufu yake siwezi hata kuielezea, maji machafu yanajaa inabidi wachote wamwage nje. Ila palikuwa na joto. Hilo ndo la msingi.

Usiku dhoruba ikipiga hakuna anayetaka kutoka kwenda haja ndogo, kwahiyo waliweka kopo moja kubwa la kukojolea na sheria yake: anayelifikisha karibu na kujaa, zikibaki kama inchi mbili, huyo ndo analibeba kwenda kulimwaga nje. Basi watu wanalala wanasikiliza. Sauti ya kopo inabadilika likielekea kujaa, na mtu kabanwa kweli lakini anavumilia gizani akingoja mwenzake ashindwe kwanza. Nakitaja hiki kwa sababu ndo kinaonyesha kutoka nje usiku mmoja tu kulikuwa na gharama gani kwa mwili.

Chakula sasa. Gramu moja ya mafuta inakupa kalori 9, wanga na protini zinakupa 4, na mtu anayetetemeka mchana na usiku anachoma nguvu kama yuko kazi ya kubeba zege. Wale jamaa walikuwa wanakula shahamu na wanaitamani kwa roho yote, mwili wenyewe unajua unataka nini. Unga na sukari waliviota tu usiku. Nyama ya sili na pengwini kila siku, supu ya sili na pengwini, na baadaye wakaongeza mwani na vile vikonokono vya baharini vinavyong'ang'ania kwenye miamba.

Na ndani ya hiyo nyama kulikuwa na kitu ambacho hata wao hawakukijua kwa jina. Mabaharia wa zamani waliuawa sana na kiseyeye, fizi zinavimba na kutoa damu, vidonda vya zamani vinafumuka upya, yote kwa kukosa vitamini C. Mwaka 1916 hiyo vitamini ilikuwa bado haijatambuliwa maabara. Ila nyama freshi ya mnyama aliyechinjwa leo, isipopikwa mpaka ikakauka, inayo ya kutosha kumlinda mtu, ini na figo ndo zaidi. Nyama ya kopo na biskuti hazina.

Haina maana hawakuumia. Perce Blackborow, kijana wa Wales aliyezamia meli kule Buenos Aires, vidole vya mguu wake wa kushoto viliganda kwenye safari ya boti. Mwili ukizidiwa na baridi unafunga mishipa ya damu ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate joto, yaani unatoa vidole sadaka. Vyake vikafa, vikaanza kuoza, na tarehe 15 Juni madaktari wawili, McIlroy na Macklin, wakavikata vyote vitano mlemle chini ya boti. Nusukaputi waliyokuwa nayo ni klorofomu kidogo, na klorofomu kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, kwahiyo wasiokuwa wagonjwa wakatolewa nje, Hurley mpiga picha akakaa anatupia ngozi za pengwini jikoni moja baada ya nyingine mpaka kijumba kikapita nyuzi 25. Bahati klorofomu haishiki moto, ingekuwa etha, nusukaputi nyingine inayoshika moto, wangelipuka wote. Kijana alizinduka akaomba sigara.

Kuhusu Wild, watu wanapenda kusema alikuwa na moyo, mimi naona alikuwa na ratiba. Kila asubuhi bahari ikionekana wazi anawaambia wakunje mifuko ya kulalia na kufunga vitu, bosi anaweza kuja leo. Kulikuwa na zamu ya kupika, na jioni mwenzao Hussey anapiga banjo. Ndani mle kulikuwa na mwenye moyo mbovu, mwenye jipu kubwa, na waliokata tamaa kabisa wasitake kutoka kwenye mfuko. Mtu anayelala tu bila kujongea kwenye baridi anapoa, damu haizunguki, na hamu ya kula inakata, kwahiyo kumwamsha akunje mfuko ilikuwa tiba kabisa.

Shackleton alifika South Georgia tarehe 10 Mei, ila barafu ilimrudisha nyuma mara tatu na meli tatu tofauti. Mara ya nne, na meli ndogo ya Chile iitwayo Yelcho chini ya nahodha Luis Pardo, akapenya. Ilikuwa tarehe 30 Agosti, mchana wa chakula, akiba ya nyama imebaki ya siku chache tu. Walipakiwa haraka kabla barafu haijafunga njia.

Kinachonishawishi kwamba nyama freshi ilichangia sana ni yaliyotokea upande wa pili wa Antaktika, kwenye kundi jingine la msafara huohuo, lile la bahari ya Ross, lililokuwa linaweka vituo vya chakula kwa ajili ya Shackleton. Wale walikaa njiani miezi wakila chakula kikavu cha safari. Kiseyeye kikawashika, na Arnold Spencer-Smith akafa juu ya sleji, kile kigari cha kuburuta juu ya barafu, tarehe 9 Machi 1916, siku chache tu kabla wenzake hawajafika kwenye kibanda cha Hut Point. Pale kulikuwa na sili. Waliobaki wakaanza kula nyama freshi ya sili, na baada ya muda si mrefu watu waliokuwa hawawezi kusimama wakawa wanatembea.